Wiki ya Mwisho ya Musubi

Chizuru Togashi alikuwa na miaka thelathini na saba, na kwa ishirini na nane kati ya hiyo alijijua kuwa ni muuaji.

Ukimwona usingedhani. Alikuwa mpishi katika jiko kuu la shule mjini Tsuruoka, jiko linalolisha watoto elfu moja na mia nne kila siku ya masomo, na humo hakuna aliyemshinda kwa uangalifu. Alionja mchuzi mara mbili. Alikoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama kafi bila kumwaga tone. Tena ndiye aliyekabidhiwa kazi ya vifuko: kila chakula kinapotoka jikoni, kipande kidogo hukatwa, hutiwa kwenye kifuko, huandikwa tarehe na kugandishwa kwa wiki mbili, ili mtoto akiumwa tumbo ijulikane kama ni samaki au la. Wenzake waliikimbia kazi hiyo. Chizuru aliipenda. Ilimtuliza kujua kwamba mahali fulani kwenye baridi ukweli umelala, na ukitaka unaweza kwenda kuuamsha ukauuliza.

Aliyeuawa hakuwa mtu. Alikuwa dubwana mwenye pembe tatu na jicho moja, mwendo wake wa bata, na makao yake yalikuwa ndani ya televisheni.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa tisini na saba ulitoka mchezo ulioitwa Malisho ya Madubwana, na watoto wa mtaa wao wakaingiwa na wazimu. Unafungua kifuniko cha mashine, unatoa diski ya mchezo, unaweka diski yoyote ya muziki uliyonayo nyumbani, unafunga. Mashine inaguguna, inawaza, inaguguna tena, halafu dubwana anazaliwa kutoka kwenye diski hiyo. Kila diski na dubwana wake! Hebu fikiria: nyimbo za mapenzi za mama yako zilikuwa na kiumbe amelala ndani miaka yote hiyo, nawe ulikuwa unazipita tu kabatini kwenda kuchukua soksi. Watoto walipekua droo za wazazi, wakaazimana diski za harusi, wakabembeleza hata muuza samaki awape ile aliyokuwa anapiga garini.

Mitsuhiro, kaka yake Chizuru, alikuwa darasa la sita, na hakupata diski ya maana. Baba yao alikuwa mwenyekiti wa mtaa mwaka huo, na droo yake ilikuwa na diski moja tu: ya mazoezi ya viungo, ile inayopigwa asubuhi za likizo ya kiangazi, watoto wakiruka uwanjani na macho ya usingizi, kisha wakigongewa muhuri kwenye kadi zao. Mitsuhiro akaiweka. Mashine ikaguguna. Akatoka yule dubwana wa pembe tatu, Musubi.

"Ni tonge la wali lenye jicho," alisema Chizuru. Alikuwa na miaka tisa.

"Nyamaza wewe. Ni adimu huyu."

"Adimu kwa sababu hakuna anayemtaka."

"Haya, toka. Toka chumbani kwangu."

Lakini hakumtoa. Alimwachia akae kwenye mto, nyuma yake kidogo, akatazame. Wiki moja ya mchezo ilikuwa kama dakika moja ya kweli, na kila wiki unamchagulia dubwana jambo moja: mazoezi, mapumziko au mashindano. Ukimkamua sana anachoka. Akichoka, umri wake unapungua. Na umri wake ni mrefu kiasi gani, mchezo haukuambii. Siku moja tu unaingia, na badala ya zizi unakuta kaburi. Mitsuhiro alimfundisha dada yake sheria moja, akairudia kama mwalimu wa hesabu: "Ukimaliza, hifadhi. Usizime kabla hujahifadhi. Ukizima hivihivi, kila kitu ulichofanya kinapotea."

Mwisho wa Julai darasa la sita walipelekwa kambi ya mlimani kwa siku mbili, kulala hukohuko. Asubuhi ya safari Mitsuhiro alisimama mlangoni na begi lake mgongoni, akamnyooshea dada yake kidole. "Usiguse. Nikirudi nitajua."

Chizuru akagusa.

Nia yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililomwuma zaidi baadaye. Aliona kuna mashindano, aliona kuna kombe, akataka kaka yake akirudi akute kombe linang'aa kwenye rafu ya Musubi. Maandishi mekundu yalisema wazi kwamba Musubi amechoka. Akampeleka hivyohivyo. Musubi alipigwa kwenye raundi ya kwanza na kitu kama kitasa cha mlango, wiki ikaisha, muziki ukabadilika. Kaburi.

Sasa angalia kosa la mtoto mtiifu. Angezima tu pale, kifo kingefutika. Musubi angeamka kesho yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini sheria ilikuwa moja. Chizuru, machozi yakimdondokea magotini, alihifadhi.

Kaka yake aliporudi, ameungua na jua pua nzima, aliwasha mashine kabla hajavua soksi. Chizuru alijibanza nyuma ya mlango wa karatasi.

"Chizu. Uligusa?"

"Sijagusa. Labda amekufa mwenyewe."

Mitsuhiro alimtazama. "Sawa," akasema. Akazima. Hakuwasha tena mchezo huo.

Pengine Chizuru angesahau kama isingekuwa Obon. Katikati ya Agosti wafu wa nyumba hurudi, na kila nyumba huwatengenezea usafiri: tango lenye miguu ya vijiti, huyo ni farasi wa kuwaleta mbio, na biringanya lenye miguu, huyo ni ng'ombe wa kuwarudisha polepole. Mwaka ule, mbele ya picha za babu na bibi, walikuwapo farasi mmoja, ng'ombe mmoja, na pembeni farasi wa pili, mdogo kama kidole gumba.

"Huyu wa nani?" baba yao aliuliza.

"Wa mgeni," alijibu Mitsuhiro, akaondoka.

Chizuru alijua mgeni ni nani. Kile kitango kilimkaa kifuani tangu siku hiyo. Kaka yake alipojiunga na besiboli ya sekondari akawa hazungumzi nyumbani, Chizuru alijua kwa nini. Alipokwenda kufanya kazi mjini Kawasaki na kuanza kurudi mara moja kwa miaka miwili, kisha mara moja kwa miaka minne, alijua kwa nini. Watu wazima wenye akili wangemwambia kwamba vijana wote hunyamaza na watu wote wa Kawasaki wana shughuli. Ila hakuwahi kumwambia mtu, kwa hiyo hakuna aliyemwambia.

Siku ya mwisho kabla ya jiko kufungwa kwa likizo, walikuwa wakisugua sufuria na Nanako, mpishi mdogo kuliko wote, msichana wa miaka ishirini na nne ambaye mdomo wake haujui breki.

"Dada Chizuru, mchezo wenu wa wazee umerudi."

"Wazee gani?"

"Nyinyi. Wa zama za Malisho ya Madubwana."

"Mimi nina thelathini na saba!"

"Ndiyo, nimekusikia." Nanako aliendelea kusugua. "Wameutoa upya kwa mashine za siku hizi. Picha zilezile za vipande vipande kama matofali, muziki uleule. Ila mashine za sasa hazina pa kuweka diski, basi wamefanya orodha. Malaki ya diski! Unaandika jina, dubwana anatoka yuleyule aliyekuwa anatoka zamani."

Sifongo ya Chizuru ilisimama. "Yuleyule?"

"Yuleyule, pua na mkia. Na unahifadhi popote unapotaka, mara nyingi unavyotaka. Akifa unarudi nyuma, unajaribu njia nyingine. Siku hizi hata kufa kunarudiwa." Akamchungulia. "Mbona umebadilika rangi? Nina mashine ya mkononi ya ziada. Chukua kwa likizo. Lakini ukiimwagia supu, tutaonana mahakamani."

Basi ndivyo Chizuru alivyoanza likizo yake, mashine ya watu kwenye kikapu cha baiskeli, imefungwa kwa taulo mbili.

Nyumbani mama yake, Bi Fumie, alikuwa na habari kubwa. "Mitsu anakuja Obon. Tarehe kumi na tatu, mchana. Kapige deki chumba chake, na lile kabati la ukutani ulitoe kila kitu. Kuna harufu humo kama panya amestaafu."

Nyuma ya magodoro ya akiba kulikuwa na kopo la biskuti. Ndani ya kopo, chini ya kadi za mihuri na meno ya sega, kulikuwa na daftari lenye picha ya mbawakawa. Chizuru alisoma jalada akakaa chini hapohapo, kwenye vumbi.

*Uchunguzi Huru wa Kiangazi. Ukuaji wa Kiumbe Mmoja. Darasa la sita B, Togashi Mitsuhiro.*

Kila mtoto hudaiwa uchunguzi huru wakati wa likizo. Wengine hupima ua linavyokua, wengine huhesabu sisimizi. Mitsuhiro aliwasilisha maganda ya nyenje, Chizuru alikumbuka vizuri, maana alisaidia kuyagundisha. Kumbe kabla ya maganda ya nyenje alikuwa na huyu. Kila wiki ya Musubi ilikuwa na mstari wake, kwa penseli iliyochongwa vizuri: alifanya nini, alikula nini, alichoka kiasi gani. Wiki mia moja arobaini na tatu. Mstari wa mwisho ulisema: *Wiki ya 143. Kuvuta gogo. Amechoka. Kesho kambi.*

Chizuru alilifunga daftari akalifungua tena. Mkononi mwake alikuwa na maisha yote ya marehemu, yameandikwa tarehe. Angeweza kumlea upya hatua kwa hatua, afike wiki ile, na hapo auulize mchezo swali ambalo hakuwahi kumwuliza mtu: nisingekugusa, ungeishi?

Alikuwa na siku kumi na moja kabla kaka yake hajafika. Aliazimia kumwambia ukweli safari hii. Ila alitaka kwanza kujua ukweli wenyewe una uzito gani.

Kesho yake, baada ya kumwagilia mboga, alikaa mbele ya feni na chai ya shayiri. Akaandika jina la diski. Orodha ikamletea diski za mazoezi ya viungo kumi na moja. Kumi na moja! Nani alijua taifa limeruka kiasi hicho? Akajaribu ya kwanza: akatoka ndege mwenye hasira. Ya pili, kitu kama yai lililovaa kofia. Ya tatu, ndege mwingine, ndugu yake yule. Hapo akafumba macho akajaribu kuiona droo ya baba. Njano. Ilikuwa njano, na watoto watatu wamenyoosha mikono juu. Akasoma majina upya, polepole, mpaka akafika kwenye moja lililotaja chama cha michezo cha watoto. Akabonyeza.

Pembe tatu. Jicho moja. Akatembea kama bata mpaka katikati ya kioo, akaanguka kifudifudi.

"Umepata nini?" mama yake alipiga kelele kutoka jikoni. "Mbona umeguta?"

"Mende!"

"Umwue basi!"

Chizuru akafungua daftari kwenye wiki ya kwanza.

Siku nane alifuata daftari. Kubeba mawe, samaki. Mapumziko, viazi. Kuogelea, ameshindwa, samaki tena. Bahati ya mchezo haikuwa ileile neno kwa neno. Pale ambapo penseli ilisema Musubi ameshinda, mara nyingine aliteleza. Lakini kazi zilikuwa zilezile, chakula kilekile, uchovu karibu uleule. Na katikati ya mawe na samaki akaanza kumkuta mtu ambaye hakuwa amemtarajia. *Wiki ya 61. Musubi kaanguka matopeni. Chizu kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Wiki ya 62, matope tena. Wiki ya 63, matope tena.* Zoezi la matope halikumfaa Musubi kwa lolote, mchezo wenyewe ulisema. Wiki tatu kaka yake alimpeleka dubwana wake matopeni ili mtu fulani kwenye mto, nyuma kidogo, acheke.

Kisha kuanzia wiki ya mia moja na thelathini akaona jambo la ajabu. Kwenye mchezo kuna msichana msaidizi wa malisho ambaye hutoa ripoti, naye alianza kusema: "Musubi anaonekana kuzeeka." Wiki iliyofuata: "Musubi halali vizuri." Chizuru akatazama daftari. *Yuko vizuri,* liliandika. Wiki inayofuata, *yuko vizuri.* Msichana: "Musubi hali kama zamani." Daftari: *yuko vizuri tu.* Mchunguzi aliyeandika mpaka idadi ya samaki, hili hakuliandika. Chizuru alijikuna kichwa, akaendelea.

Tarehe kumi na mbili asubuhi akafika wiki ya mwisho. Akahifadhi mahali pawili. Nje joto lilikuwa linawanyamazisha hata nyenje.

Mahali pa kwanza alifanya alichofanya alipokuwa na miaka tisa. Maandishi mekundu, mashindano, raundi ya kwanza. Muziki ukabadilika. Kaburi.

"Haya," alisema kwa sauti. "Hilo tulilijua."

Mahali pa pili alichagua mapumziko. Musubi alilala kwenye majani wiki nzima. Wiki ikaisha. Kioo kikawa cheusi, halafu kikawa zizi, na Musubi akatoka akichechemea, akafumbua jicho lake moja, akakohoa.

Yu hai. Asingemgusa, angekuwa hai.

Chizuru aliiweka mashine juu ya mkeka wa tatami kama mtu anayeweka kikombe kilichopasuka. Swali lilikuwa limebaki moja: hai kwa muda gani? Kama ni wiki moja, kosa lake lilikuwa na ukubwa fulani. Kama ni miaka miwili, alimpora kaka yake miaka miwili. Kidole kilikwenda kwenye kitufe kikarudi, kikaenda kikarudi. Akahifadhi, akazima, akaenda kung'oa majani bustanini saa sita ya mchana, jambo ambalo hata mama yake aliona ni kichaa.

Mitsuhiro alifika kesho yake, kipara kimeanza, shati limemganda mgongoni, mkononi sanduku la keki lenye utepe.

"Umekonda," alisema Bi Fumie.

"Nimenenepa kilo sita, mama."

"Basi umekonda usoni. Ingia. Matango hayo hapo, tengeneza farasi wa baba yako, dada yako leo anavunja kila kijiti, sijui ana nini. Mimi nampelekea jirani maharage." Akaondoka na bakuli la dadacha, maharage mabichi yanukiayo kama mahindi ya kuchoma, ambayo watu wa Tsuruoka wakiyakosa Agosti huona mwaka haukufika.

Wakabaki wawili sebuleni. Baba yao, aliyefariki miaka sita iliyopita, aliwatazama kutoka kwenye picha na uso wake wa mwenyekiti. Mitsuhiro alivunja kijiti, akakichomeka kwenye tango, akakipima, akachomeka kingine. Mikono ileile.

"Kaka."

"Mm."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Musubi. Niligusa. Ulikuwa kambini, nikampeleka mashindanoni na amechoka, akafa. Nikakudanganya." Maneno yalimtoka yakikanyagana. "Nilikwambia amekufa mwenyewe. Hakufa mwenyewe. Nisamehe, kaka."

Mitsuhiro alikuwa ameshika farasi mwenye miguu mitatu. Alimtazama dada yake, akamtazama farasi, akamtazama tena.

"Chizu. Mashine nilikuwa nimeizima."

"Enhe?"

"Nilipoondoka kwenda kambini niliizima. Mashine ikizimwa, siku za mchezo haziendi. Dubwana hawezi kufa mwenyewe kwenye mashine iliyozimwa. Nilirudi nikakuta kalenda imesogea wiki moja, na kwenye orodha ya mashindano jina la Musubi, kapigwa na kitasa. Wewe ulidhani mimi nilidhani nini?"

Miaka ishirini na nane. Mwanamke anayegandisha kila kipande cha samaki kwa ajili ya ushahidi, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba uongo wake haukuwezekana.

"Ulijua?"

"Kabla sijavua soksi."

"Kwa nini hukusema? Ungenipiga! Ungemwambia mama!"

Mitsuhiro alichomeka mguu wa nne taratibu. Masikio yake yalikuwa mekundu, na si kwa jua. "Kwa sababu nilishukuru."

"Ulishukuru?"

"Alikuwa anakufa, Chizu. Yule msichana wa malisho alinisema kila wiki. Mimi nikajifanya sisikii. Siku nne kabla ya kambi nilikuwa nawasha, namwangalia, nazima. Nawasha, nazima. Nilishindwa kubonyeza. Kule mlimani wenzangu wanaimba kwenye moto, mimi naomba afe nikiwa sipo." Akacheka kidogo, cheko la aibu. "Nikarudi, nikakuta kaburi. Kitu cha kwanza kilichonijia ni ahueni, kweli. Mtu mwingine amebonyeza. Halafu nikajiona mbwa. Nikuchape wewe kwa kazi niliyoiogopa mimi?"

"Na yule farasi mdogo? Wa mgeni?"

"Wa kumwomba radhi. Nilimkimbia." Akamtazama. "Usiniambie ulikuwa unaubeba huo mzigo mpaka leo."

Chizuru akaitikia kwa kichwa.

"Aisee. Mimi nilidhani ulisahau wiki ileile! Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unasahau hata viatu shuleni. Mara mbili ulirudi na vile vya kuvalia darasani."

"Mara moja!"

"Mara mbili."

"Ulipoacha kuja nyumbani nilisema ni kwa sababu ya Musubi."

"Siji kwa sababu nauli ya treni ni kisu na bosi wangu ni jiwe. Musubi anahusikaje?" Lakini sauti ilimlainika. "Nilipaswa kukuambia. Wote wawili, wewe unaficha, mimi naficha. Nyumba hii bwana."

Chizuru aliinuka, akaleta mashine ya Nanako na daftari lenye mbawakawa. Mitsuhiro alipoliona daftari alitoa sauti kama mtu aliyekanyaga barafu. Dada yake akamweleza yote: orodha, diski ya njano, siku nane, mahali pawili, mapumziko. "Yuko wiki ya mia moja arobaini na tano. Nimeshindwa kuendelea. Sijui nilikupora wiki ngapi."

"Ngoja nimwone."

Wakakaa kwenye mkeka, bega kwa bega, feni ikiwapiga kwa zamu. Musubi akatoka akichechemea. Mitsuhiro akainamia kioo. "Mfupi kuliko nilivyokumbuka," akasema. Kisha akachagua mapumziko, kidole chake kikabaki juu ya kitufe. "Tubonyeze wote."

Kidole juu ya kidole. Wakabonyeza.

Musubi alitembea mpaka kwenye majani. Akageuka mara moja kama anayetafuta upande wenye kivuli, akakaa, jicho likafumba. Hakuna aliyempiga, hakuna maandishi mekundu. Wiki ikapita juu yake, mchana na usiku wa matofali, na ilipokwisha muziki ulibadilika, lakini polepole safari hii. Msichana wa malisho alisema Musubi amelala na hataamka, na kwamba alikuwa mzee sana.

"Wiki moja," alisema Mitsuhiro.

"Wiki moja," alisema Chizuru, na mabega yake yakaanza kutikisika, hakujua ni kicheko au kilio. Vilikuja vyote kwa mlango mmoja. Alipopata pumzi, uaminifu wake wa jikoni ukamrudia. "Lakini bahati ya mchezo haifanani. Huenda yule wa zamani angepata wiki tatu."

"Au siku mbili. Acha, Chizu. Alikuwa mzee. Alikuwa mzee, mimi niliogopa, wewe ulitaka kombe. Basi. Imekwisha."

"Nilitaka ukute kombe."

"Najua. Niliona ulimsajili daraja la juu kabisa, mwendawazimu wewe. Na kitasa!"

Hapo ndipo walipocheka kweli, mpaka tango likabingirika chini ya meza. Mitsuhiro alimenya maharage yaliyobaki, akamsukumia dada yake bakuli. Chizuru alikula kama aliyetoka safari ndefu. Kisha kitu kilichokuwa kimemshika mgongoni kwa miaka yote kilimwachia ghafla, akahisi kope zake nzito kama magunia. Alisema atajinyoosha dakika moja tu. Akajinyoosha palepale kwenye mkeka, saa tisa ya mchana, mdomo wazi, mikono imetawanyika. Yeye ambaye tangu utoto hakuna aliyewahi kumwona akisinzia mchana.

Bi Fumie aliporudi na bakuli tupu alilazimika kuruka miguu yake kufika jikoni.

"Huyu naye vipi? Wageni wanakuja, taa za makaburini bado hazijawashwa, yeye anakoroma?"

"Mwache, mama," alisema Mitsuhiro, akimsogezea dada yake feni. "Amechoka tangu mwaka wa tisini na saba."